Maji Niliyompulizia Witness

Nilifukuzwa kwenye nyumba ya watoto wagonjwa, Singida Mjini, kwa kosa la kumtemea mtoto mate. Nilifukuzwa asubuhi, mbele ya watoto na mbele ya mama zao waliokuwa wanaanika nguo. Aliyenishika mkono kunitoa getini ni Janeth, binti wa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye tangu aanze kusema ananiita mama mdogo. Sikumtemea mtoto mate. Nilimpulizia maji ya baraka, na Janeth anaijua tofauti hiyo kama anavyolijua jina la baba yake.

Mimi ni mke wa marehemu Antipasi wa kijiji cha Mungaa. Watu wananiita Mama Alute. Shule sikuiona ndani. Baba yangu alikuwa na mbuzi wengi na watoto wa kiume wachache, basi fimbo ya kuchungia ikaniangukia mimi. Niliolewa, nikalima uwele na alizeti, nikazaa mtoto mmoja, Alute, halafu mume akafa. Alute alipokuwa mdogo alitumbukiza mkono kwenye chungu cha togwa iliyokuwa inachemka. Kidonda kilipona vibaya, vidole vikashikana kama vya bata. Alikua hivyo hivyo, mpaka likaja shirika la wageni lililopanga nyumba kule mjini, upande wa ziwa Kindai. Kila kiangazi walileta madaktari kutoka nchi zao kuwafungua watoto walioungua. Walimfungua vidole mwanangu. Leo anaendesha bodaboda kwa mkono huo huo.

Kwa hiyo waliposema wanatafuta akina mama wa kukaa na watoto, wawe wanajua Kinyaturu na wawe na moyo, nilikuwa wa kwanza kufunga nyumba. Kazi yenyewe iliitwa kujitolea. Wageni nao walikuwa wanajitolea. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na fulana zilizoandikwa hivyo kifuani.

Kila mwaka tukishavuna nilikwenda. Nilikuwa nawaogesha watoto, nawalisha na kuwabeba, na nililala nao chini kwenye mikeka. Mtoto aliyetoka kukatwa anaamka analia kwa lugha ya nyumbani kwao, si kwa Kiswahili wala kwa Kizungu, na hapo ndipo walipotuhitaji sisi. Mpishi wetu alikuwa Rahma, mwanamke wa mjini, wa familia ya wenye maduka. Mdomo wake haukuwa na mlango, na kwa ajili yake siku zilikwenda.

Niseme kweli, mambo ya kunitia kinyaa yalikuwa mengi, na niliyameza. Mwaka huo alikuja binti anaitwa Klara, kutoka nchi ambayo hata nikiambiwa iko wapi sitajua. Alikuwa anawapenda watoto, hilo silikatai. Lakini alikuwa analamba kidole gumba chake, anamfuta mtoto uji mdomoni, halafu analamba tena, anamfuta mwingine. Uji ukiwa wa moto anauonja kwa kijiko, anaupuliza, anamlisha mtoto kwa kijiko kile kile. Anawabusu mpaka karibu na bandeji. Mara ya kwanza nilipomwona tumbo lilinipanda.

Rahma aliniona nimegeuka ukutani. Akaniuliza, "Vipi, Mama Alute, una mimba?"

"Mimba ya nani kwa umri huu? Mwangalie huyo."

"Namwangalia kila siku. Alute akikuletea mkwe kama huyo, utakula kwake?"

"Nitakula nimefumba macho."

"Na mimi niletee sahani, nije nione unavyofumba."

Tulicheka, tukaacha. Nilijua ndivyo wanavyolea kwao. Mate ya mtu anayekupenda huwezi kuyaita uchafu, hata sisi tunajua hivyo, na hakuna aliyekwenda kumshitaki Klara kwa mtu yeyote.

Aliyenikirihi zaidi ni huyu wa kwetu. Janeth alikuwa msimamizi wa nyumba. Mama kutoka kijijini akimpa mkono, alikuwa anamsubiri ageuke, kisha anachukua kile kichupa cha dawa ya mikono na kujisugua mpaka kwenye viwiko. Mimi alikuwa ananiita "Mama Alute" kama watu baki wanavyoniita. Nikimsemesha Kinyaturu mbele ya wageni, ananijibu Kiswahili, tena cha redioni. Nilijiambia, ni kazi, mtoto amesoma, acha ale mkate wake. Nilimwachia hayo yote.

Sasa Witness. Huyu ni mtoto wa jirani yangu, yatima wa mama, analelewa na bibi yake. Alianguka kwenye moto wa mafiga akiwa anajifunza kutembea. Ngozi ya shingo ilipopona ilijikunja, ikauvuta uso chini mpaka kidevu kikagandamana na kifua. Alifikia umri wa kwenda shule hajawahi kuangalia juu. Kula kwake ilikuwa kazi: mdomo wa chini umevutwa, uji unarudi. Nilikuwa namlaza ubavu mapajani kwangu, namlisha kwa kona ya mdomo kidogo kidogo. Akimaliza ananiambia, "Sasa nifute, lakini siyo kama yule mzungu."

Bibi yake miguu imevimba, hawezi safari. Siku nilipokwenda kumchukua mtoto alinishika mikono yote miwili. "Nakukabidhi," alisema. "Siku ya kisu umpulizie wewe. Kinywa chako kiwe changu."

Nikamwambia, "Nitampulizia, mama."

Kwetu mtoto hapelekwi kwenye jambo zito akiwa mkavu. Mkubwa wa nyumbani anachukua maji, anayaweka kinywani, anayapuliza yashuke kama umande kifuani na viganjani mwa mtoto, huku anamtamkia mema. Kila mtu hawezi kufanya hivyo. Mwenye kinyongo moyoni hashiki maji hayo, maana yakipita kwenye kinywa kichungu yanageuka, na mtu yanayemwangukia yanamdhuru. Ndiyo maana bibi alinichagua. Alijua sikuwa na ugomvi na mtu.

Na Janeth anajua. Alipokuwa anakwenda chuo Dodoma, mama mkwe wangu, yaani bibi yake mzaa baba, ndiye aliyempulizia. Mimi nilishika kibuyu cha maji. Janeth alipiga magoti uani na sketi yake iliyopigwa pasi, maji yakamtiririka usoni, na hakuyafuta. Alipanda nayo basi. Niliona kwa macho yangu.

Siku ya Witness ilifika. Tangu jana yake jioni alikuwa hajala, kwa sababu anayekwenda kulazwa usingizi wa daktari hatakiwi kuwa na kitu tumboni. Tuliambiwa wote, na sisi akina mama tulililinda hilo kuliko walinzi wanavyolinda geti. Mtoto mwingine akipita na muhogo tunamfukuza. Witness alikuwa ametulia. Alikuwa amevaa gauni safi, amekaa barazani anasubiri gari la kumpeleka hospitali.

Nilikwenda jikoni, nikamwomba Rahma maji yaliyochemshwa yakapoa. Nikasukutua kinywa kwanza, nikamwaga. Nikachukua mengine, nikarudi barazani, nikapiga magoti mbele ya mtoto. Nilimpulizia kifuani, juu ya gauni, na kwenye viganja. Akacheka kwa ubaridi.

Nikamwambia, "Nenda salama. Lala salama, amka salama. Urudi unaangalia juu."

"Huko juu nitaona nini?"

"Utaona kuku wa Rahma wanavyolala mtini."

"Kuku wanalala mtini?"

"Kumbe hujui. Rudi uone."

Hapo ndipo Klara alipotokea mlangoni. Alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga nyoka. Alimnyakua mtoto, akaanza kumfuta kifua na mikono kwa vile vitambaa vya dawa, anafuta, anatupa, anachukua kingine. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Mimi nilibaki nimepiga magoti na kikombe mkononi. Kama angeniambia kwa ishara kwamba hapa hatupulizi, ningechukua maji na sabuni nikamwogesha mtoto upya, nikampulizia kwa maneno matupu. Mungu na mizimu ya kwetu wangeelewa. Hakuniuliza.

Janeth akaja mbio. Klara akamwelezea kwa Kizungu, ananyoosha kidole kwenye mdomo wangu. Ili aeleweke vizuri alionyesha kwa mfano: alikusanya mate, akayatema chini kwenye mchanga. Asubuhi ile mtu aliyetema mate kwenye ile nyumba alikuwa yeye.

Janeth aliniangalia. Nikapata nafuu, nikajua sasa anatafuta maneno ya kumweleza. Kisha akamjibu yule binti kwa Kizungu, maneno machache, na mwishoni akacheka. Kicheko kile nakijua. Ni kile anachocheka mtu wa mjini baba yake anapokuja kumtembelea na kuku kwenye kapu.

"Mama Alute, toka nje," aliniambia.

"Mwambie ni nini, Janeth."

"Toka kwanza, tutaongea."

"Mwambie bibi yako alikufanyia nini."

"Usinitie aibu kazini kwangu."

"Aibu ipo wapi? Mimi nimeiba?"

Alinishika hapa, juu ya kiwiko. Mama wote waliacha nguo wakawa wanatazama, wengine wa Ikungi, wengine wa Manyoni, watu ambao sitawaona tena niwaeleze. Nikasikia Witness analia ananiita. Mtoto yule akilia kichwa hakiinuki, anajililia kifuani mwake mwenyewe. Geti likafungwa, sauti ikawa inanifuata barabarani.

Nilikaa stendi nikisubiri gari la Mungaa. Mchana Rahma akaniletea fungu langu la nguo na chapati kwenye gazeti. Alikaa karibu yangu.

"Kizungu nasikia kidogo, si unajua," akasema. "Wateja wa dukani kwa kaka."

"Alimwambia nini?"

"Alisema ni ushirikina wenu wa vijijini. Kwamba amewakataza mara nyingi, lakini mnafanya kwa kujificha. Na kwamba hamjui usafi."

Nilitema kwenye mavumbi ya stendi. Siku hiyo ndiyo nilitema kweli.

Nikamuuliza, "Mtoto ameshakatwa?"

"Gari limerudi naye."

"Limerudi naye vipi?"

"Ulipotoka alikataa kupanda. Alishika nguzo ya baraza. Yule binti akaona njia ya kumnyamazisha ni biskuti. Akaenda mkobani kwake, akatoa ile ya maziwa, akammegea mdomoni. Mimi natoka jikoni na mikono ya unga, nasema hapana, hapana, daktari amekataza. Akaninyooshea kidole kimoja, kwamba ni moja tu. Mtoto wa watu njaa ya tangu jana, atakataa? Akanyamaza, akapanda. Kufika kule daktari anamuuliza, umekula nini leo? Mtoto hajui kudanganya. Akasema biskuti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wamemrudisha. Siku zilizobaki zote zina watoto wengine, na madaktari wanaondoka. Wamesema mwakani."

Ile chapati sikuweza kuila. Nilimrudishia Rahma, akaifunga tena.

Nilifikiri ubaya umeishia hapo, kumbe ulikuwa umenitangulia nyumbani. Janeth alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji kumweleza kwa nini Witness anarudi na shingo ile ile. Biskuti hakuitaja. Alisema mtoto alitemewa mate na mama mmoja wa Mungaa, ikahofiwa maambukizi, upasuaji ukaahirishwa. Mwenyekiti akamwambia mkewe, na mke wa mwenyekiti ana ndugu wengi.

Mungaa hawakusema ni uchafu. Wao wanajua maji yale ni nini. Walisema jambo baya zaidi. Walisema, kama Mama Alute alipuliza na mambo yakaharibika, basi alipuliza kwa kinywa kichungu. Alikuwa na kinyongo gani na mtoto wa watu? Wakaanza kutafuta. Mmoja akakumbuka mbuzi wa bibi Witness waliwahi kuingia kwenye alizeti yangu. Mwingine akasema wajane wana wivu. Niliyasikia kisimani, kanisani na kwenye mashine ya kusaga.

Nilikwenda kwa bibi yake Witness. Nilimpa shikamoo, akaitikia, lakini hakunikaribisha kiti. Mtoto alikuwa kwenye kizingiti anabangua karanga, uso chini.

Bibi akaniambia, "Nilikukabidhi."

"Ulinikabidhi, mama. Nami nilifanya kama ulivyosema."

"Ndiyo maana nakuuliza. Ulifanya ukiwa na nini moyoni?"

Nilimweleza yote, biskuti na Klara na Janeth. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Biskuti inazuia kisu? Mtu mzima unakuja kuniambia biskuti." Witness akasema kutoka kizingitini, "Ni kweli, bibi, nilikula," na bibi akamwambia anyamaze watu wazima wanaongea.

Janeth alikuja Mungaa baada ya wageni kuondoka. Alisubiri kigiza kiingie, akaja kwangu kwa njia ya nyuma, ana mfuko wa sukari na vitenge viwili. Nyumbani alirudi kuwa mwanangu. "Shikamoo, mama mdogo," akasema kwa Kinyaturu kizuri kabisa, kama hajawahi kukisahau.

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja tuyamalize."

"Tuyamalize wapi?"

"Hapa, mimi na wewe. Mama mdogo, wewe hujui kazi ile ilivyo. Wale wakiona mambo kama yale wanaandika kwao, kwao wakisoma wanakata msaada, nyumba inafungwa. Watoto wangapi watakosa? Nilikutoa wewe mmoja ili wengine wabaki."

"Na biskuti?"

Akaangalia mlango. "Klara ni mgeni. Ningemtaja, ingekuwa vita."

"Kwa hiyo ukanitaja mimi."

"Wewe ni mama yangu. Nilijua utanivumilia."

Nilimtazama binti yule, kucha zimepakwa rangi, anakaa kwenye ncha ya kigoda asichafue suruali, na nikasikia kichefuchefu kile kile cha siku ya kidole gumba, ila hiki hakikushuka. Nilimwambia, "Ulinitukana mchana, mbele za watu. Huwezi kuja kunisafisha kigizani na sukari. Kaseme pale pale uliposema. Halafu uje useme hapa, kwa bibi Witness, kwa mwenyekiti na kisimani."

"Nitapoteza kazi, mama mdogo."

"Mimi nimepoteza nini?"

Aliacha vitenge juu ya kigoda. Asubuhi nilimpa Alute avirudishe kwao, na sukari yake.

Hiyo mwakani yao ilifika ikapita. Gari la shirika lilikuja Ikungi kuchukua watoto, Mungaa halikufika. Tukaambiwa kijiji chetu kina matatizo. Witness ameanza shule. Anasoma ubaoni kwa kulaza mwili mzima kinyumenyume dawatini, mwalimu alidhani ni mtukutu. Wenzake wamempa jina ambalo sitalitamka.

Majuzi mke wa Alute alijifungua, mjukuu wangu wa kwanza. Mtoto alipotolewa nje, watu wa nyumbani walikaa, maji yakaletwa, na mkubwa wa nyumba ile ni mimi. Alute aliniletea kibuyu mwenyewe, kwa ule mkono wenye makovu. Alitaka kuwaonyesha watu kwamba haamini wanayoyasema. Nilikipokea. Nikakishika. Nilijitafuta ndani nikamkuta Janeth amekaa pale pale, na kicheko chake. Waliyokuwa wananisingizia mwanzo, sasa ni kweli. Kinywa changu ni kichungu. Nilimrudishia mwanangu kibuyu.

"Mama, fanya tu," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Siwezi kumfanyia mtoto wako hivyo. Muite shangazi wa baba yako."

Watu waliona. Waliokuwa wanasema sasa wana ushahidi wao, na mkwe wangu hajanitazama vizuri tangu siku ile.

Klara simdai. Alirudi kwao, na aliambiwa uongo na mtu aliyemwamini. Shirika linadaiwa shingo ya Witness. Walimchukua kwetu wakasema watamfungua, wakamlisha biskuti kwa mkono wao, wakamrudisha amefungwa. Na Janeth ananidai mimi uvumilivu, lakini mimi namdai maneno. Namdai asimame kwenye baraza ya nyumba ile mchana, aseme kwa Kizungu kile kile alichonitukania kwamba maji yale yalikuwa baraka, na kwamba hata yeye alipiga magoti akapuliziwa. Kisha aje Mungaa, aseme kwa Kinyaturu ni nani aliyempa mtoto biskuti. Asiposema, mjukuu wangu atakua bila maji yangu.